Kikasha cha Dola 21

Saa kumi na moja na nusu jioni, wakati mama yangu huko Kilifi anafagia uwanja kabla ya magharibi kuingia, kaka yangu hutoka kwenye ghala analofanyia kazi Changamwe, hukaa juu ya ukuta mfupi nje ya lango na kufungua simu. Ndiyo dakika ambayo soko la hisa la New York linafunguliwa. Katika miezi ambayo Wamarekani husogeza saa zao mbele, soko hufunguliwa saa kumi na nusu, kaka akiwa bado kazini. Siku hizo huaga kwamba anakwenda msalani.

Ana hisa za kampuni moja ya Marekani inayoshughulika na teknolojia ya vifungashio. Sitaitaja, kwa kuwa sina ugomvi nayo na hadithi yake haijaisha. Alizinunua kidogo kidogo kupitia programu ya simu, kwa fedha aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya paa la mama. Nyumba ya mama imeezekwa kwa makuti, na makuti siku hizi ni ghali na yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Sisi watoto tulikubaliana tumnunulie mabati. Tangu hapo fedha ya paa nimeiona ikiongezeka karibu mara mbili kwenye kioo cha simu, ikarudi ilipokuwa, ikashuka hadi theluthi, ikapanda tena kidogo. Mama hajui lolote. Anachojua ni kwamba mabati "yako njiani".

Nilipokuwa nyumbani likizo, kaka aliniuliza: "Wewe ndiye msomi wa historia, mdogo wangu. Hebu niambie, hisa hii itapanda ama haitapanda?"

Nilimwambia historia haitabiri.

"Sasa inasaidia nini?" akauliza, bila kejeli.

Sikuwa na jibu. Niliporudi Nairobi nilianza kutafuta, nje ya kazi ya shahada yangu, kama kuna watu waliowahi kukaa juu ya ukuta kama ule, wakisubiri kampuni kama ile. Wapo. Wengine walikaa hapo karibu miaka tisa.

*

Hadithi yao inaanza na baga. Katika miaka ya 1980 baga za McDonald's nchini Marekani zilikuwa zikiuzwa ndani ya kikasha cheupe cha plastiki ya povu, chenye mfuniko unaofunguka kama chaza. Kilikuwa chepesi, kilihifadhi joto, na kilikuwa rahisi kutengeneza. Lakini kililiwa humo chakula cha dakika kumi, kisha chenyewe kikabaki duniani kwa miaka isiyohesabika. Watoto wa shule na wanaharakati wa mazingira wakaanza kampeni, na tarehe 1 Novemba 1990 McDonald's ikatangaza kwamba inaachana nacho. Baga zikafungwa kwa karatasi.

Tangazo hilo liliacha pengo, na pengo katika biashara ni mwaliko. Kule Santa Barbara, California, kampuni ya uwekezaji ya Essam Khashoggi, mdogo wake Adnan Khashoggi aliyekuwa mashuhuri kwa biashara ya silaha, ilikuwa imekusanya wataalamu waliotoka kwenye sayansi ya saruji. Wazo lao lilikuwa zuri, na mpaka leo naliona zuri. Chukua mawe ya chokaa yaliyosagwa, changanya na wanga, nyuzi za mimea na maji, mimina mchanganyiko huo kwenye kalibu za moto, ufumuke na kukauka. Mtu wa pwani haihitaji maelezo zaidi: ni namna ya kuchoma vitumbua. Kinachotoka ni kikasha kigumu, chepesi, ambacho ukikitupa kinasagika na kurudi kuwa udongo. Mwaka 1992 kampuni ikaundwa kwa ajili ya kazi hiyo, ikaitwa EarthShell.

Mwezi Machi 1998 EarthShell ikauza hisa zake kwa umma katika soko la Nasdaq, kwa dola 21 kila moja, na kukusanya takriban dola milioni 200. Alama yake sokoni ilikuwa ERTH. Kumbuka ulikuwa mwaka gani. Intaneti ilikuwa imeingia majumbani, na kwa mara ya kwanza mwalimu au fundi bomba wa Marekani aliweza kununua hisa usiku akiwa jikoni kwake, bila kumpigia dalali simu. Watu hao walinunua kampuni nyingi za ajabu mwaka ule, lakini EarthShell haikuonekana ya ajabu. Ilikuwa na kitu cha kushika mkononi, na mteja ambaye kila mtu alimfahamu. Tena ilikuwa na wema ndani yake: ungepata faida, na bahari ingepata nafuu.

Kitu kimoja tu haikuwa nacho, nacho ni mauzo. Siku ambayo umma uliambiwa ununue hisa kwa dola 21, kampuni haikuwa imeanza kuuza vikasha kibiashara. Hata teknolojia haikuwa mali yake kamili. Ilikuwa na leseni ya kuitumia, na mwenye hataza alikuwa kampuni ya Khashoggi, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwenye hisa mkubwa.

Matatizo yaliyofuata yalikuwa ya jikoni. Kitumbua kimoja hakimshindi mtu. Kazi ni kuchoma vitumbua milioni, vyote vya ukubwa mmoja, kwa kasi inayoweza kushindana na mashine za plastiki ambazo zimekuwa zikiboreshwa kwa miongo. Kikasha cha chokaa na wanga kikikutana na mafuta na mvuke wa baga hulainika, kwa hiyo kilihitaji kupakwa utando. Utando ni gharama, na ni hatua nyingine kwenye mashine. Kila kizingiti kilipovukwa kingine kilijitokeza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikasha vya baga vya EarthShell vilifika kweli katika migahawa ya McDonald's eneo la Chicago. Lakini kufika Chicago hakukuwa kufika duniani. Uzalishaji mkubwa uliokuwa ukingojewa haukuja.

Hisa ikashuka, ikifufuka kila habari njema ilipotoka na kuzama zaidi habari ilipopoa. Nasdaq ina kanuni kwamba hisa isikae chini ya dola moja kwa muda mrefu, la sivyo itaondolewa. Mwaka 2003 EarthShell ikaunganisha hisa zake, kila 12 zikawa moja. Aliyekuwa na hisa 1,200 akaamka na 100. Kwa hesabu za siku ile hakupoteza kitu, maana bei nayo ilizidishwa mara 12. Lakini hesabu hiyo inaeleza jambo: yule aliyenunua kikasha kwa dola 21 sasa ilibidi hisa ifike dola 252 ndipo arudishe fedha yake. Mwaka uliofuata kampuni ikatoka Nasdaq na kuuzwa kwenye soko la pembeni. Januari 2007 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Katika kufilisika kuna foleni. Mbele wanasimama waliokopesha kwa dhamana, nyuma yao wadai wengine, na mwisho kabisa wenye hisa za kawaida. Kwa kawaida chungu huwa kimekombwa kabla foleni haijawafikia.

*

Nilipomsimulia kaka kwa simu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Hao walikuwa matapeli."

Ingekuwa rahisi kwangu kukubali, lakini sidhani. Teknolojia ilikuwepo, vikasha vilikuwepo, na watu walikula baga ndani yake. Kinachonishughulisha ni kidogo kuliko utapeli, na nadhani ni cha hatari zaidi, kwa sababu hakihitaji mwongo.

Katika Kiswahili wakati umebebwa na silabi moja. Kampuni imeuza. Kampuni inauza. Kampuni itauza. Msikiaji hawezi kuchanganya. Kampuni changa ya teknolojia huishi ndani ya -ta-: itajenga kiwanda, itasaini mkataba, itaanza uzalishaji robo ya tatu ya mwaka. Hiyo -ta- si uongo. Ni nia, na mara nyingi ni nia ya kweli. Lakini bei ya hisa haina viambishi. Tangazo la "itauza" likitoka saa kumi na nusu, ifikapo saa kumi na moja bei imeshapanda kana kwamba "imeuza".

Marekani yenyewe imeitungia -ta- sheria. Mwaka 1995 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kupunguza kesi za wenye hisa dhidi ya makampuni. Ndani yake mna kinga: kampuni iliyokwisha kuwa sokoni ikisema jambo kuhusu siku zijazo, na ikaambatanisha tahadhari za maana kwamba huenda jambo hilo lisitokee, ni vigumu kuishtaki lisipotokea. Ndiyo sababu chini ya matangazo hayo kuna aya ndefu ya herufi ndogo ambayo hakuna anayeisoma. Sheria ilikuwa na mantiki, maana bila kinga wakurugenzi wangenyamaza kabisa kuhusu mipango yao. Ila mzigo wa kutofautisha -ta- na -me- ukahamia kwa msomaji. Benki kubwa ina wachambuzi wa kuubeba. Mwalimu aliye jikoni kwake, au mtu wa ghala juu ya ukuta, anaubeba mwenyewe baada ya kazi.

*

Lakini kwa nini vifungashio hasa? Kwa nini visiwe viatu au redio?

Kwa sababu kifungashio ni kitu cha kila siku, na mtu hudhani cha kila siku ni rahisi. Historia yake inasema vingine. Peter Durand alipata hataza ya kopo la bati mjini London mwaka 1810. Kwa karibu nusu karne makopo yalifunguliwa kwa patasi na nyundo. Vifungua-kopo vilianza kupata hataza miaka ya 1850. Nusu karne nzima kati ya kufunga na kufungua!

Au tuchukue pakiti ya maziwa. Mwaka 1944 huko Uswidi, Erik Wallenberg, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Ruben Rausing, alibuni pakiti ya karatasi ya pembe tatu iliyosimama kama piramidi. Kampuni ya Tetra Pak ikaanzishwa mwaka 1951, na mashine ya kwanza ikapelekwa kwenye kiwanda cha maziwa cha Lund mwaka 1952. Hapo katikati, na kwa miaka mingi baadaye, ilikuwa gharama juu ya gharama: karatasi inayokubali kuunganishwa na plastiki, njia ya kufunga bila kuvuja, njia ya kujaza maziwa bila kuingiza vijidudu. Mwaka 1965 familia ya Rausing iliuza kampuni yake ya awali ya vifungashio na kubaki na Tetra Pak. Walikuwa wakingoja kwa miongo, kwa fedha yao wenyewe, na hakukuwa na bei ya hisa iliyowaambia kila jioni kama ni werevu au wajinga.

Mama yangu anaijua pakiti hiyo kuliko wanahistoria. Mwaka 1979 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilianzisha mpango wa maziwa ya bure kwa shule za msingi Kenya, na Maziwa ya Nyayo yakafika madarasani katika pakiti za pembe tatu. Mama alikuwa mmoja wa watoto hao. Husimulia walivyong'ata ncha moja ya pembe na kunyonya, na walivyozipasua pakiti tupu kwa mguu ili zilie kama bunduki. Kutoka meza ya Wallenberg hadi meno ya mama yangu ilipita zaidi ya miaka 35. Hakuna aliyepata paa kwa kungoja kati ya tangazo moja na jingine.

Hilo ndilo ninaloliona sasa katika EarthShell. Saa mbili tofauti zilikuwa zikienda kwa pamoja. Saa ya kiwanda huhesabu miaka: jaribu, kosea, badilisha utando, jaribu tena. Saa ya soko huhesabu dakika. Mwekezaji mdogo amepewa saa ya pili mkononi, lakini faida aliyoahidiwa inatoka kwenye saa ya kwanza.

*

Ningependa kusema watu walijifunza. Mwishoni mwa Desemba 2020 kampuni nyingine ya vifungashio ilianza kuuzwa katika soko la New York. Iliitwa Danimer Scientific, kutoka Bainbridge, mji mdogo wa jimbo la Georgia. Ilitengeneza plastiki inayozalishwa na bakteria waliolishwa mafuta ya kanola, na hataza zake za msingi zilinunuliwa kutoka Procter & Gamble mwaka 2007. Tofauti na EarthShell, ilikuwa na kiwanda na ilikuwa na mauzo. Mirija ya kunywea iliyotokana na plastiki hiyo ilikuwa tayari madukani.

Njia iliyotumia kuingia sokoni ni ile iliyovuma miaka hiyo: iliungana na kampuni tupu, isiyo na biashara yoyote, iliyokuwa imekusanya dola milioni 200 ili tu itafute wa kuungana naye. Njia hiyo ilikuwa na mvuto wake. Mawakili wengi waliamini kwamba ile kinga ya mwaka 1995, ambayo haimlindi anayeuza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, inamlinda anayepitia mlango huu. Kwa hiyo makampuni yaliyopita humo yaliweza kuonyesha makadirio ya mapato ya miaka mingi mbele. Ilikuwa -ta- kwa jedwali. Januari 2024 ndipo tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilipopitisha kanuni za kuufunga mlango huo.

Hisa za ile kampuni tupu ziliuzwa mwanzoni kwa dola 10. Februari 2021 hisa ya Danimer ilipita dola 60. Ilikuwa kipindi cha korona. Watu walikuwa nyumbani, kununua hisa kwa simu hakukuwa na ada tena katika programu nyingi, na plastiki inayooza ilikuwa habari njema katika mwaka wenye habari mbaya. Mwezi Machi gazeti la Wall Street Journal likachapisha taarifa iliyohoji madai kuhusu kasi ambayo mirija hiyo ingeoza baharini, na hisa ikaanguka. Mwezi uliofuata kampuni moja ya wawekezaji wanaopata faida hisa ikishuka ikatoa ripoti kali dhidi yake. Baada ya hapo ulikuwa mteremko mrefu. Novemba 2024 hisa 40 ziliunganishwa kuwa moja. Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Ukiweka hadithi hizi mbili pamoja utadhani mwandishi mmoja ameishiwa mawazo. Hata hivyo sitaki kucheka. Sisi tunaotoka Kenya tunajua kwamba tatizo ambalo kampuni hizo zilitaka kulitatua lipo kweli. Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini inayoweza kufika shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008, Tanzania ikafuata mwaka 2019. Nakumbuka wauzaji wa mahamri na viazi karai walivyohangaika majuma yale, wakifunga kwa magazeti na kurasa za madaftari ya watoto. Siku moja mtu atatengeneza kifungashio cha bei nafuu kinachooza, na kila mtu atakitumia. Waliokitamani mwaka 1998 hawakukosea kuhusu kikasha. Walikosea kudhani kwamba kukitabiri kikasha na kuitabiri hisa ni jambo moja. Aliyegundua kopo si lazima awe ndiye aliyetajirika kwalo: Durand mwenyewe aliuza hataza yake, na wengine ndio waliojenga kiwanda.

*

Mwezi uliopita kaka alinitumia tangazo jipya la kampuni yake. Bei ilikuwa imeruka jioni ile. Nilimpigia, tukalisoma pamoja sentensi kwa sentensi, mimi nikiligeuza kwa Kiswahili na yeye akiandika viambishi nyuma ya risiti ya mzigo. Tulipata -ta- 14 na -me- 3. Moja ya zile -me- ilihusu kuajiriwa kwa mkurugenzi mpya wa fedha.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo niuze?"

"Sijui, kaka. Kweli sijui. Inaweza kupanda." Kisha nikamuuliza swali ambalo nadhani lilikuwa ndilo jibu la lile alilonipa nyumbani. "Fedha ya paa ina tarehe?"

"Kabla ya masika."

"Na hiyo kiwanda chao?"

Akaisoma tena risiti. "Hapa wamesema tu kitakamilika."

Wiki ile aliuza sehemu, kwa hasara. Fedha haikutosha paa zima, kwa hiyo fundi ameezeka mabati upande wa kusini ambako mvua hupiga zaidi, na upande wa jikoni umebaki makuti. Mama anasema hata hivyo ni bora, jikoni kusiwe na joto. Bado haujui mkasa wote, na kaka ameniomba nisiuandike kwa jina lake. Hisa zilizobaki bado anazo. Saa kumi na moja na nusu bado anatoka kukaa juu ya ukuta.